Bunduki Iliyokaa Eda

Nilifika Mkange maiti ikiwa bado ndani. Nikapitishwa chumbani alikolazwa Bi Mwanahawa, mjane wa mjomba wangu Sefu, nikamsomea nilichojaliwa kumsomea, kisha nikatoka nikaenda jikoni. Mimi msibani sikai chumbani. Chumbani kuna wanaolia kwa uchungu na kuna wanaolia ili waonekane, nami nina ulimi mbaya. Heri nikamenye vitunguu. Jiko ni lile lile la uani, paa tu ndilo lililobadilika, makuti yameondoka yamekuja mabati. Mafiga yako mahali pake. Na juu ya mafiga, kwenye ukuta mweusi kwa masizi, vingalipo vile vijiti viwili vya mpingo vilivyochomekwa udongoni, kimoja huku na kimoja kule. Nyumba ile haina pa kutundika kitu; vikapu vimewekwa chini, vifuniko vimeegemezwa ukutani, miiko imesimamishwa ndani ya kopo. Lakini pale kwenye vile vijiti hapakutundikwa hata upawa. Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyekataza.

Nyuma ya ukuta wanaume walikuwa wakisubiri jeneza, na wakisubiri walizungumza wanachozungumza wanaume wote wa huku siku hizi. Gari la matangazo lilikuwa limepita na kipaza sauti: kila mwenye silaha isiyosajiliwa aipeleke ikahakikiwe, atakayeipeleka mwenyewe hatashtakiwa, atakayekutwa nayo baadaye asije akalaumu mtu. "Ukiipeleka hairudi," alisema mmoja. "Na nguruwe je, naye wamemsajili?" akauliza mwingine, wakacheka kile kicheko cha msibani cha kuzibwa kwa kiganja. Nilisikia maneno hayo hayo nikiwa na miaka ishirini, nimekaa jikoni humo humo, na ningeweza kuwatangulia kila sentensi. Bagamoyo ninakoishi nayasikiliza redioni pia. Mtu wa mjini anapiga simu studio anasema silaha zote zikusanywe, wananchi wabaki na amani. Mwingine anasema mkulima ataachwa mikono mitupu mbele ya tembo. Wote wawili wana haki yao, na wote wawili hunikera, maana wanaizungumzia bunduki kama kitu kilichokaa peke yake mezani. Bunduki niliyoijua mimi ilikuwa na nyumba, ilikuwa na ndugu, na ilikuwa na mwiko wake.

Mwaka ule nilipelekwa Mkange kumkalia Bi Mwanahawa eda. Mjomba Sefu alifariki mwanzoni mwa mwaka, kwa homa iliyomchukua upesi, na mjane hatoki nje; lazima awepo mtu wa kumchotea maji, kumtwangia, kumpokelea wageni wa pole na kuwafahamu wale ambao pole yao ni kisingizio cha chakula. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na matokeo yangu hayakuwa ya kuonyesha wageni, kwa hiyo sikuwa na hoja ya kukataa. Nilimkuta ameketi kwenye kitanda cha kamba, chumba hakina dirisha ila tundu la kupitishia hewa, mwenyewe amevaa kanga iliyopauka, hana hata hereni. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, mcheshi, na eda ilimkaa vibaya kama nguo ya kuazima. "Karibu kifungoni, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe umehukumiwa bila kosa, mimi nimehukumiwa kwa kosa la kuolewa na mtu mzima." Tulicheka, halafu akalia, halafu akaniuliza kama nimekula.

Tulikuwa watu watatu katika nyumba ile. Yeye, mimi, na kaka yangu Hamisi, tumbo moja, ambaye alikuwa akikaa na mjomba tangu alipobalehe na kumsaidia shamba. Hamisi alikuwa mtu wa maneno machache na adabu nyingi, mrefu, mwenye kuinama hata pale ambapo mlango haukumtaka ainame. Tulikula ugali wa makopa ya muhogo na kunde, au na tembele lililoungwa nazi, na mara chache samaki mkavu aliyeletwa na wachuuzi kutoka Saadani. Hamisi alikula uani, sisi tukala chumbani, na mazungumzo yalipita mlangoni. Mahindi yalikuwa yamefika magotini na masika yalikuwa yameanza. Kila jioni Bi Mwanahawa aliuliza swali moja: "Wameingia?" Akiwaulizia nguruwe pori. Shamba lile ndilo lililokuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Hatukuwa na jingine. Hamisi alijibu kuwa amepiga debe, amewasha moto, amekesha, na wameingia vile vile pembe ya kusini.

Lilikuwepo gobore, lakini lilikuwa halipigwi. Hapa inanibidi nieleze, maana watoto wangu mwenyewe hawanielewi nikifika hapa. Kwetu gobore lilirithiwa na mpwa, si na mtoto. Mjomba Sefu alilipata kwa mjomba wake, na baada yake ni la Hamisi. Mwenye bunduki akizikwa, bunduki yake hupigwa mara moja uani kwake, mdomo ukielekezwa ardhini, ili vijiji vya jirani vijue. Siku ya arobaini mrithi huishindilia mbele ya wazee: baruti, halafu nyuzi za makumbi ya nazi, halafu vipande vya chuma, halafu nyuzi tena. Ikishashindiliwa hurudishwa jikoni juu ya moshi, ambako unyevu hauifikii, na hapo hukaa mpaka mjane atoke eda. Siku anayooga na kubadili nguo, mrithi huitoa akaipiga, na hapo ndipo inakuwa yake. Wazee walisema bunduki nayo hukaa eda. Ikilia kabla mjane hajatoka, itakuwa imeita maiti wa pili nyumba ile ile. Ustadhi wa msikitini aliwaambia mara nyingi kuwa katika dini hakuna kitu kama hicho, nao walimwitikia kwa heshima zote, kisha wakaendelea na yao.

Aliyemsimamia Hamisi siku ya arobaini ni Mzee Kibwana, aliyekuwa akiwinda na mjomba. Nilimwona kwa macho yangu akimpa Hamisi donge la nta ya nyuki. "Masika haya, baba, moshi peke yake hautoshi. Ziba." Hamisi akaiyeyusha nta, akaimimina mtutuni, akaishindilia juu ya zile nyuzi. Bunduki ikatundikwa kwenye vile vijiti vya mpingo. Toka hapo nilipika chini yake kila siku, na baada ya wiki nilishaizoea kama unavyozoea ungo.

Tangazo lilikuja masika yakiwa yamekolea. Mtendaji wa kijiji, kijana wa bara aliyekuwa hajazoea joto letu wala maneno yetu marefu, aliitisha mkutano akasema askari watakuja kutoka wilayani siku fulani, watakaa ofisini kwake, na kila mwenye gobore alilete. Lililo zima litaandikwa na kupigwa namba, mwenyewe ataanza kuombewa kibali. Bovu litabaki kwa askari likateketezwe. Silaha iletwe tupu, alisisitiza, tupu kabisa. Na siku yenyewe, watu walipohesabu vidoleni, ilikuwa eda ya Bi Mwanahawa bado haijaisha.

Jioni ile barazani kwetu palijaa. Mimi nilikuwa ndani nikichambua mchele, Bi Mwanahawa amesogea mpaka karibu na mlango, ametega sikio, kanga ameivuta hadi puani ingawa hakuna aliyekuwa anamwona. Mzee Kibwana alikuwa wa kwanza kukasirika. "Mimi langu nalitia ndani ya mzinga, naupandisha mtini, nyuki walinde. Mkoloni alikuja akalitaka, hakulipata. Leo nimpe kijana huyu anayetembea na mwamvuli?"

"Mzee wangu, wewe una miti mingi," Hamisi alisema taratibu. "Mimi nina shamba la mjane. Nikilinda na bunduki ya kificho, siku nikikamatwa nafungwa. Nikifungwa, nani atalinda? Nataka nitembee nayo mchana, na mtu akiniuliza nimwonyeshe karatasi."

"Hiyo karatasi itaua nguruwe?"

"Haitaua nguruwe. Itanifanya nilale."

 Ustadhi akasema kijana amesema vizuri, mali isiyo na sheria ni fitina, na jamii ikiwa haijui nani ana nini, siku ya ugomvi kila mmoja atamshuku mwenziwe. Nilimkubali ustadhi moyoni, na hadi leo namkubali. Niseme wazi ili nisije nikadhaniwa vingine: mimi ni mtu wa kusajili. Nimeona ugomvi wa mipaka wa wakulima na wafugaji, nimeona kijana akitoka mbio kwenda kuchukua kitu darini, na nimeshukuru kwamba hakikuwepo. Lakini hakuna aliyeuliza pale barazani, wala mkutanoni, swali dogo ambalo kila mtu alikuwa analijua jibu lake. Gobore lililoshindiliwa hutolewa vipi kilichomo? Hutolewa kwa kupigwa. Ukichokonoa kwa chuma, na nta ile imeganda, unaweza kuiamsha. Mtendaji hakujua kwamba "tupu" ilikuwa na maana ya mlio, nao waliojua hawakumwambia, kwa sababu ingebidi wamweleze habari ya eda ya bunduki, na hakuna aliyetaka kuchekwa na mtu wa mwamvuli.

Bi Mwanahawa ndiye aliyesema. Wageni walipoondoka alimwita Hamisi mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake ikiwa ndogo. "Baba, unakwenda kuisajili, nenda. Mjomba wako angekwenda, alikuwa mtu wa kuogopa serikali. Ila usiipige. Nakuomba kwa kitanda alichofia. Ikilia mimi nimo eda, itachukua mtu, na humu ndani tumebaki wewe na huyu."

"Sitaipiga, mkaza mjomba."

"Niapie."

Akaapa. Kisha wakakaa wakilitafakari jambo hilo, yeye ndani, Hamisi nje, wakiwa na mlango kati yao, mpaka Bi Mwanahawa akasema: "Itie maji. Baruti ikilowa si imekufa?" Hamisi akafikiri, akasema kweli, baruti ikilowa imekufa. Lilikuwa jambo ambalo kila mtoto wa Mkange alilijua. Ndiyo maana bunduki zilikaa juu ya moshi. Hata mimi niliona tumepata dawa. Ile nta iliyoyeyushwa mbele ya macho yetu kuzuia maji ya masika yasifike kwenye baruti, hatukuikumbuka hata mmoja wetu. Naliandika hili bila kuwalaumu. Mtu akishapata jibu analolitaka, huacha kutafuta.

Asubuhi ya siku hiyo Hamisi aliitoa bunduki vijitini, akaileta mlangoni kwa Bi Mwanahawa. Yeye mwenyewe akachukua kata, akachota maji mtungini akamimina mtutuni, akachota tena akamimina, mpaka maji yakafurika yakateremka kwenye kitako na kumlowesha miguu. "Kunywa," aliiambia bunduki, "kunywa ushibe ulale." Hamisi aliiacha imesimama hivyo kitambo, halafu akaiinamisha, maji yote yakatoka. Akajifuta mikono, akavaa shati lake la Ijumaa. Nilimpa kiporo cha muhogo na chai ya rangi akala amesimama. Aliniambia nisisahau kwenda kuitazama ile pembe ya kusini. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, pembe ya kusini.

Nilikuwa nimeinjika kunde. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, na ofisi ya kijiji haikuwa mbali na kwetu. Bunduki ikalia. Kuku wakatawanyika uani. Nikajiambia ni mtu mwingine, watu wamekwenda na magobore yao mengi, huenda mmoja amejaribu. Bi Mwanahawa alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Hiyo ni yetu," alisema. Nikamwambia si yetu, yetu ina maji. "Mwanangu, nimelala na sauti hiyo toka nimeolewa." Akashika mlango kwa mikono miwili, asitoke, maana eda haijaisha, na hata nilipoanza kukimbia nilimsikia nyuma yangu akiuliza, si kwa kupiga kelele, akiuliza tu: "Kamchukua nani? Kamchukua nani?"

Nilichokikuta sitakieleza chote. Waliokuwepo walinisimulia mmoja mmoja na masimulizi yao yanafanana, kwa hiyo nayaamini. Hamisi alipofika mezani aliulizwa kama ni tupu, akasema tupu. Akaulizwa kama ni zima au bovu, na hapo akaingiwa na hofu, kwa kuwa bovu linabaki kwa askari. Akasema ni zima, ngojeni niwaonyeshe nyundo yake inavyogonga. Akatoa fataki mfukoni, kile kikofia kinachowasha baruti, akaipachika. Alitaka ilie fataki peke yake, ule mlio mdogo kama wa kijiti cha kiberiti, wamwandike arudi shambani. Mbele yake palikuwa na meza na askari, kulia foleni ya wazee, kushoto akina mama waliokuja kutazama. Na Hamisi alifundishwa na mjomba tangu utotoni kwamba mdomo wa bunduki haumtazami mtu, iwe imeshindiliwa au tupu, hiyo ndiyo adabu ya kwanza. Akatafuta mahali pasipo na mtu, hakupaona, na ardhini huelekezwa bunduki ya mazishi. Akasimamisha kitako chini na mtutu upande wake mwenyewe, akainama, kichwa chake kikiwa juu ya mdomo wa bunduki, akaifyatua kwa kidole gumba.

Walimpakia kwenye lori la mkaa wampeleke hospitali, na lori likakwama kwenye tope kabla ya kufika Lugoba. Alifia hapo. Walimrudisha siku hiyo hiyo na tukamzika kesho yake. Bunduki ilichukuliwa na askari, na ilibidi ichukuliwe, sikatai. Lakini Hamisi akazikwa kimya. Mwenye bunduki hakupigiwa bunduki. Mzee Kibwana alisimama uani baada ya mazishi, mikono mitupu, lake liko mtini ndani ya mzinga na askari wangali kijijini, akanung'unika peke yake: "Vijiji havijui. Hakuna kijiji kinachojua." Nilimwonea huruma na nilimchukia kwa pamoja. Yeye ndiye aliyetoa ile nta. Na yeye, kama angekumbuka siku yoyote ile, angeweza kumwambia kwamba nta haipitishi maji.

Nguruwe walimaliza shamba. Hapakuwa na wa kukesha, nami peke yangu na debe sikuwatisha. Tukala makopa, yakaisha, tukala tulichopewa. Eda ya Bi Mwanahawa ilikwisha bila mtu kuipigia chochote. Alioga, akabadili nguo, akatoka uani akasimama juani akiwa amefumba macho, amekonda hata sikumtambua kwa nyuma. Nilirudi kwetu mwisho wa mwaka. Toka hapo nilikuja kumwona karibu kila Idi, na kila Idi, tukishakula, wengine wakishaondoka, aliniuliza jambo moja. "Yale maji. Yalikuwa mengi, siyo?" Nami nikamjibu, "Mengi, mkaza mjomba. Yalifurika." Akatikisa kichwa, akaniuliza habari za watoto. Habari ya nta sikuwahi kumtajia, wala yeye hakuitaja. Sijui kama aliikumbuka. Nadhani aliikumbuka siku ile ile.

Leo wanaume walirudi kutoka makaburini adhuhuri imeshaadhiniwa. Shabani, mjukuu wa dada yake Mzee Kibwana, baba mzima wa watoto sasa, aliingia jikoni kutafuta maji ya kunawa.

"Shikamoo shangazi. Tumeshamsitiri."

"Marahaba, baba. Mungu awalipe."

Akanawa polepole, kama mtu mwenye neno. Kisha akasema kwamba lile la babu yake analo yeye, nami natoka mjini nayajua ya serikali, je, alipeleke? Nikamwambia alipeleke. Akaniuliza kama watalirudisha, nikamwambia sijui, alipeleke vile vile. "Limeshindiliwa?" nikamuuliza. Akasema ndiyo. Limeshindiliwa tangu wiki iliyopita, nguruwe wameingia mahindini. Alikuwa alipige, msiba ukaingia, na msibani halilii mpaka matanga yaanuliwe. Lakini kesho ndiyo siku ya mwisho.

"Sasa utafanyaje?"

"Wenzangu wamenishauri nilitie mafuta ya taa. Wanasema mafuta ya taa baruti haiyawezi."

"Nta umeweka?"

"Nimeweka, shangazi. Si unaona mawingu?"

Niliweka kisu chini. Nikamwambia akalilete, na alipoanza kunieleza habari ya msiba nikamwambia akalilete sasa hivi, kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo bado. Kwake ni jirani. Akaenda akarudi nalo limefungwa kwenye shuka. Tukatoka kwa mlango wa uani, tukapita nyuma ya choo hadi mwisho wa mihogo, ambako hapana mtu.  Nikamwambia aelekeze mdomo ardhini mbali na miguu yake, na mimi nikasimama nyuma yake nikamshika bega. Likalia. Udongo ukaruka, na sauti ikaenda hadi huko bondeni ikarudi.

Wanawake walitoka mbio, wengine mikono ina unga, wazee nyuma yao na mikongojo. Astaghfirullah, matanga hata hayajaanuliwa! Bibi mmoja, umri wangu au zaidi, akanijia juu. "Mwamwita nani tena ninyi? Nani kafa?"

"Hamisi," nikamwambia.

Vijana wakaulizana Hamisi ni nani. Yule bibi akavua kiatu kimoja, na kingine, akakaa pale pale kwenye majani, akaanza kulia kwa sauti, kama mtu aliyepata habari leo.